Roboti nyembamba zinazochungulia ndani ya mashine za umeme bila kuzifungua

HOMBO, Walikale – Kwenye daraja la Hombo hatua chache zinatosha kutoka Kivu Kaskazini na kuingia Kivu Kusini. Upande mmoja ni Walikale, upande wa pili ni Kalehe, na barabara ya kitaifa namba 3, inayounganisha Bukavu na Kisangani, inapita katikati. Giza likiingia, hapa si mahali pa kungojea kurani ya SNEL. Mwenye paneli ya jua anawasha taa zake, mwenye jenereta anaongeza mazuti na kuvuta kamba.

Jenereta ikigoma, fundi anakuja na sanduku lake la funguo. Anaondoa kifuniko, anang'oa alternata, anaweka kila boliti juu ya kipande cha gunia isipotee, kisha anachungulia bobini kwa taa ya simu. Shaba ikiwa imegeuka nyeusi na inanuka kuungua, jibu limepatikana. Kazi yote yaweza kuisha kabla ya jua kuzama, kwa sababu mashine yenyewe inabebwa na watu wawili, ikizidi wanne.

Kazi hiyohiyo ikipelekwa Ruzizi, hesabu inabadilika kabisa. Kituo cha Ruzizi ya kwanza, pale mto unapoanza safari yake kutoka Ziwa Kivu karibu na Bukavu, kinazalisha umeme tangu mwaka 1958. Kina mashine nne zenye uwezo wa megawati 29.8 kwa jumla. Ruzizi ya pili, iliyoanza kazi mwaka 1989, ina megawati 43.8 na ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia shirika la SINELAC. Umeme wa Bukavu unatoka huko, na sehemu ya ule wa Goma pia. Alternata za ukubwa huo hazing'olewi kwa funguo za sanduku. Kuifungua moja ni kuisimamisha mashine, kufungua vifuniko vyake vyote, kuita winchi ya juu ya jumba na kuinua sehemu inayozunguka, chuma cha tani nyingi, polepole, bila kuigusisha ukuta wa ndani hata kidogo. Kazi hiyo huchukua wiki, na mara nyingine miezi. Wakati wote huo kuna mtaa wa Bukavu au wa Goma unaokaa gizani kwa zamu, na neno delestaji linarudi vinywani mwa watu.

Ndiyo maana wahandisi wa nchi nyingine wamehangaika miaka mingi na swali moja: namna gani ya kuona tumbo la mashine bila kulipasua? Jibu mojawapo ni roboti. Lakini isidhaniwe kuwa ni roboti ya umbo la mtu, kama zile za Kinshasa zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay kuongoza magari barabarani. Hii ni bapa kama kitabu, na nyingine hazizidi unene wa vidole viwili. Inatambaa.

Mahali roboti inapopita

Alternata kubwa ina sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni stata, ambayo haizunguki. Ni kama pipa lililojengwa kwa maelfu ya mabati membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja, na ukuta wake wa ndani umechongwa mifereji. Ndani ya mifereji hiyo zimelazwa pau za shaba zilizovikwa kihami, yaani ngozi ya maika na gundi inayozuia umeme usitoroke. Mdomo wa kila mfereji umefungwa kwa kabari ili pau zisitikisike. Sehemu ya pili ni rota, sumaku kubwa inayozungushwa na turbini katikati ya pipa hilo. Kati ya rota na stata umeachwa mwanya wa hewa. Kwenye mashine kubwa za mvuke na gesi mwanya huo waweza kuwa wa sentimita kadhaa. Kwenye mashine za maji mara nyingi ni sentimita moja au mbili tu.

Mwanya huo ndio barabara ya roboti. Kampuni ya Marekani ya General Electric ilitengeneza roboti yake ya kutambaa humo, iitwayo MAGIC. ABB, yenye makao yake Uswisi, nayo imetengeneza ya kwake. Kanuni ni moja. Roboti ina sumaku zinazoishikilia kwenye chuma cha stata, kwa hiyo inaweza kutembea hata kichwa chini juu ya dari bila kuanguka. Ina mikanda ya mpira badala ya magurudumu, taa, kamera zinazotazama mbele, nyuma na pembeni, na mkia wa kebo unaoleta umeme na kurudisha picha kwenye kompyuta ya fundi aliyekaa nje. Ikizimika katikati ya safari, kebo hiyohiyo hutumika kuivuta itoke. Hakuna anayetaka kuacha kitu kigeni ndani ya mwanya huo, maana boliti moja ndogo iliyosahaulika inaweza kuiua mashine nzima siku inapowashwa.

Kuona peke yake hakutoshi, kwa hiyo roboti hupewa pia nyundo. Ni nyundo ndogo kabisa inayogonga kabari moja baada ya nyingine, na kifaa cha kusikiliza kinapima mlio unaorudi. Kabari iliyobana hutoa mlio mkavu, iliyolegea hutoa mlio wa utupu. Mama anayenunua chungu sokoni anajua kazi hii vizuri: anakigonga kwa kidole kabla ya kutoa pesa, na mlio unamwambia kama kina ufa. Tofauti ni kwamba alternata ina mamia ya kabari, wakati mwingine maelfu, na roboti haichoki wala hairuki mstari.

Kwa nini kabari ndogo ipewe umuhimu wote huo? Umeme wa mitandao yetu hubadilika mizunguko 50 kwa sekunde, na nguvu ya sumaku husukuma kila pau ya shaba mara 100 kwa sekunde. Kabari ikilegea hata kidogo, pau inaanza kutikisika ndani ya mfereji wake mchana na usiku. Kihami kinasagika polepole kama unga. Siku moja shaba inakutana na chuma, inatokea shoti, na mashine iliyokuwa ikinguruma vizuri asubuhi inazimika jioni kwa moshi. Kubadilisha kabari ni kazi ya siku chache. Kusuka upya stata nzima ni kazi ya miezi mingi, na pau zake huagizwa ng'ambo.

Kuna ugonjwa mwingine ambao kamera haiuoni. Yale mabati ya stata yamepakwa rangi ya kuyatenganisha yasipitishiane umeme. Rangi ikitoka mahali fulani, mkondo unaanza kuzunguka humo kwa siri, chuma kinapata joto, joto linachoma rangi ya jirani, na doa linapanuka hadi chuma kuyeyuka. Zamani ili kulipata doa hilo, mafundi walitoa rota, wakazungushia stata nyaya nene, wakaitia sumaku karibu ya nguvu yake yote, kisha wakatafuta mahali panapochemka. Ilihitaji umeme mwingi na ilikuwa ya hatari. Mwishoni mwa miaka ya 1970, shirika la umeme la Uingereza la wakati ule, CEGB, lilibuni kipimo kiitwacho EL CID ambacho kinatumia karibu asilimia 4 tu ya sumaku ya kawaida. Kifaa chepesi kinapitishwa juu ya chuma na kusoma mikondo isiyotakiwa. Kwa sababu ni chepesi, kinabebwa na roboti.

Kwa kweli faida kubwa ya roboti huenda si haraka yake. Kufungua mashine kuna hatari yake yenyewe. Winchi inaweza kuteleza, rota ikaparuza stata, fundi akakanyaga kihami, kifuniko kikarudishwa vibaya, vumbi na unyevu vikaingia. Mashine iliyoingia kwenye ukaguzi ikiwa nzima inaweza kutoka mgonjwa. Fundi yeyote wa magari anaijua hadithi hiyo, ya injini iliyofunguliwa bila sababu na haikurudi kuwa ile ya zamani.

Roboti inayoogelea

Transfoma kubwa nayo ni sanduku lisilopenda kufunguliwa. Ndani yake kuna bobini za shaba zilizofungwa kwa karatasi na kuzamishwa kwenye maelfu ya lita za mafuta. Ili mtu aingie kuona, mafuta hayo yote lazima yavutwe nje na kuhifadhiwa bila kushika unyevu, kisha fundi ajipenyeze kwenye tundu, mahali penye giza na hewa kidogo. Watu wanaofanya kazi hiyo wanajua kwamba hatari ya kukosa hewa ni ya kweli.

Mwaka 2018 ABB ilitangaza roboti iitwayo TXplore, isiyo na kebo, inayoingia kwa tundu la kawaida la transfoma na kuogelea ndani ya mafuta ikiwa na taa na kamera. Mafuta hayatolewi, na mtu anaiongoza akiwa nje. Kampuni hiyo ilisema ukaguzi uliokuwa ukichukua siku tatu au zaidi unaisha kwa siku moja, na gharama hushuka kwa nusu au zaidi. Hayo ni maneno ya muuzaji, na muuzaji husifu bidhaa yake. Hata hivyo hesabu ya msingi haina ubishi: mafuta yasipotolewa, kazi kubwa zaidi imeondoka. Mwaka 2020 biashara hiyo ya ABB ilihamia mikononi mwa Hitachi ya Japani, pamoja na roboti.

Taka za plastiki haziondolewi na roboti

Mwanzoni mwa mwaka 2023 wakazi wa Bukavu walijua vizuri maana ya kupoteza mashine moja. Chupa na mifuko ya plastiki inayotupwa kwenye vijito na mitaro inasukumwa na mvua hadi Ziwa Kivu, na mkondo wa ziwa unaipeleka kwenye mdomo wa Ruzizi, pale bwawa linapoichuja. Taka zilijazana, alternata moja ya Ruzizi ya kwanza ikaharibika, na megawati 6.3 zikakosekana kati ya zile karibu 30. Wapiga mbizi walikuwa wakishuka majini kutoa takataka kwa mikono yao.

Je, roboti ya kutambaa ingeliokoa alternata hiyo? Pengine isingeliweza. Ingeweza kuonyesha mapema kabari zilizolegea au vumbi lililoganda kwenye matundu ya kupoza, na mafundi wangepanga matengenezo kwa wakati wa nafuu badala ya kushtukizwa. Lakini haiwezi kuzuia chupa zisiingie mtoni. Kwa Ruzizi, roboti yenye maana ya haraka zaidi ni ya aina nyingine: ile ya kuzama majini ikiwa na kamera na kuonyesha hali ya vichujio na milango ya bwawa bila kumshusha mtu kwenye maji ya kasi. Hydro-Québec ya Kanada imetengeneza ya kwake iitwayo Maski kwa kukagua mabwawa chini ya maji, na ndogo zake za kibiashara zinauzwa kila mahali duniani.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hulipitia haraka. Roboti za mwanya zilianza maisha yake kwenye mashine za mvuke na gesi, zile ndefu zenye rota laini kama gogo. Afrika Mashariki mashine za jamii hiyo ziko sehemu kama Olkaria nchini Kenya, kwenye mvuke wa ardhini, au Kinyerezi jijini Dar es Salaam, kwenye gesi. Mashine za maji za Kongo ni fupi na nene, rota yake ina vichwa vya sumaku vilivyojitokeza nje kama meno, na mwanya ni mwembamba. Roboti nyingi hazipiti. Mara nyingi mafundi hutumia njia ya kati: wanatoa kichwa kimoja au viwili vya rota, wanapata dirisha, kisha wanazungusha rota taratibu kwa mkono au kwa mota ndogo huku kamera ikitazama stata yote kupitia dirisha hilo. Siyo bila kufungua kabisa, lakini rota haiinuliwi.

Hata pale roboti inapopita, mashine lazima isimamishwe kwanza. Nayo roboti haitengenezi. Ikikuta kihami kimeungua, habari imepatikana, na kazi ya winchi inabaki palepale. Isitoshe, anayesoma picha zake lazima awe mtu aliyewahi kuona stata nyingi, nzima na mbovu. Kumleta mtaalamu wa namna hiyo mashariki mwa Kongo kulikuwa kugumu hata kabla ya Januari na Februari 2025, miezi ambayo Goma na kisha Bukavu zilitwaliwa na M23.

Vifaa vya bei ya chini

Kati ya roboti ya kiwanda na taa ya simu kuna vifaa vingi ambavyo havizungumzwi sana. Cha kwanza ni kamera ya nyoka: mrija mwembamba wenye kamera na taa nchani, ndugu wa kile ambacho madaktari wanapitisha kooni kutazama tumbo. Zile za bei ndogo huchomekwa kwenye simu. Fundi anaweza kuipenyeza kwenye tundu la hewa la alternata na kuona bobini, panya waliojenga kiota, au maji yaliyotuama, bila kugusa boliti hata moja. Picha inabaki kwenye simu, na baada ya miezi sita inaweza kulinganishwa na mpya.

Cha pili ni kipimo cha kihami, ambacho mafundi wengi wanakiita mega. Kinasukuma volti nyingi na mkondo mdogo kati ya shaba na mwili wa mashine, kisha kinasoma upinzani. Kanuni ya zamani inasema upinzani usiwe chini ya megaomu 1 kwa kila kilovolti ya mashine, ukiongeza 1. Kiwango kipya cha chama cha wahandisi cha IEEE ni kikali zaidi: megaomu 5 kwa mashine nyingi ndogo za chini ya volti 1,000, na 100 kwa mashine kubwa za kisasa. Kwa jenereta ya kijijini kuna onyo moja. Kile kisanduku cha elektroniki kinachodhibiti volti lazima kitenganishwe kwanza, la sivyo mega inakiua. Baada ya kipimo, nyaya ziunganishwe na ardhi kabla ya mtu kuzigusa, maana shaba inabaki na chaji.

Kwa mashine kubwa zaidi kuna vifaa vinavyosikiliza cheche ndogondogo ndani ya kihami wakati mashine inafanya kazi, bila kuizima hata dakika moja. Vinaunganishwa mara moja, kisha vinasoma miaka yote. Kwa kituo chenye mashine nne tu, ambapo kila moja ikilala mji mzima unaona, kifaa kama hicho pengine kinastahili pesa kabla ya roboti.

Katika Walikale hesabu hizi si za wahandisi wa miji peke yao. Mgodi wa bati wa Bisie, unaomilikiwa na kampuni ya Alphamin, unategemea majenereta ya dizeli kwa umeme wake, na kila tone la mafuta na kila kipuri hufika kwa barabara. Mwezi wa Machi 2025 vita viliposogea hadi Walikale-kati, mgodi huo ulisimamisha kazi, ukarudi Aprili. Mahali ambapo kipuri kinaweza kukwama njiani wiki kadhaa, aliyejua mwezi mmoja kabla kwamba alternata yake inaumwa ana nafasi ya kukiagiza mapema. Mwenye mashine ya kusaga muhogo na mwenye friji ya samaki wako kwenye mizani hiyohiyo, ila kwa ukubwa mwingine.

Serikali na makampuni wanaonyesha kuwa ukarabati unawezekana pesa zikipatikana. Kituo cha Mwadingusha, huko Haut-Katanga, kilirudi kazini mwaka 2021 na mashine zake sita za megawati 78 baada ya ukarabati uliolipiwa na mgodi wa shaba wa Kamoa. Mgodi huohuo umelipia pia mashine namba 5 ya Inga ya pili, ya megawati 178, ambayo rota ya ukubwa wake huhesabiwa kwa mamia ya tani. Kivu haina mgodi wa shaba wa kuisaidia Ruzizi. Mashine zake zimezeeka, na wanaozilipia ni wateja wa nyumbani wanaokatiwa umeme.

Macho sasa yanaelekezwa kwenye Ruzizi ya tatu, mradi wa pamoja wa nchi tatu wenye megawati 206. Mashine mpya ina faida ambayo ya mwaka 1958 haikuwa nayo: mnunuzi anaweza kudai kwenye mkataba madirisha ya ukaguzi, vifaa vya kusikiliza cheche vilivyofungwa tangu kiwandani, vichwa vya rota vinavyotolewa bila kuinua rota nzima, na picha za kila kabari siku ya makabidhiano. Yote hayo yanagharimu kidogo wakati mashine bado iko kwenye karatasi. Ikishashushwa kwenye shimo lake na kufunikwa, kuyaongeza kutahitaji tena ile winchi.